Mavi ya Kale Hunuka: Tafsida na Usafishaji wa Matangi ya Majitaka Jijini Nairobi

Utangulizi

Kiswahili ni lugha ya staha. Yapo mambo ambayo mzungumzaji wake hayatamki hadharani kwa majina yake halisi, na miongoni mwa hayo hakuna linalositiriwa zaidi ya kinyesi cha binadamu. Mtoto hufunzwa mapema kwamba mtu haendi kunya bali huenda haja. Mgeni haulizi choo kiko wapi bali huomba kuonyeshwa msalani. Wanafunzi wa isimujamii na wa fasihi wameizoea mbinu hii kwa jina la tafsida, na kwa kawaida huisifu kuwa dalili ya malezi mema.

Ipo kazi moja, hata hivyo, ambayo sitara hiyo huidhuru. Ni kazi ya kusafisha matangi ya majitaka: yale yaliyofukiwa nyuma ya nyumba, yale yaliyofungwa chini ya vyoo vya kuhamishika, na hata yale yanayobebwa na magari ya wasafiri. Makala haya yanaieleza kazi hiyo jinsi inavyofanywa katikati ya jiji la Nairobi na katika mitaa ya magharibi kama vile Westlands, Kangemi, Kawangware, Lavington, Dagoretti, Uthiru na Karen. Hoja inayotetewa ni kwamba tafsida ambayo ni adabu sebuleni hugeuka kuwa hatari inapoingia katika maelekezo ya kazi hii, kwa sababu humficha mfanyakazi kitu kile kile kinachoweza kumuua.

Choo, haja na msala

Ni vyema kuanza na msamiati wenyewe. Neno mavi ni la Kiswahili fasaha, na limo katika kamusi bila aibu yoyote, lakini hutumika zaidi katika matusi na katika methali. Kinyesi, lililotokana na kitenzi kunya, ndilo neno la vitabu vya sayansi. Kimba ni pande la kinyesi cha mtu. Shonde ni la wanyama, ijapokuwa vijana wa Nairobi wamelihamishia kwa binadamu katika Sheng. Samadi ni kinyesi cha mifugo kilichokwisha kupata thamani shambani. Kwa hiyo lugha haina upungufu wa majina. Inachofanya ni kuyagawa kwa uangalifu kulingana na sajili.

Upande wa tafsida nao una utajiri wake. Kuna haja kubwa na haja ndogo, kuna kujisaidia, kuna maliwato na msala. Neno msala linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa jina hilo hilo hutumika kwa mkeka wa kusalia. Jambo hili linaonyesha jinsi wazungumzaji walivyokuwa tayari kwenda mbali kutafuta neno safi la kufunika jambo lisilo safi.

Lakini neno lenye athari kubwa zaidi katika mada hii ni choo. Choo ni mahali, na pia ni kile kinachoachwa pale mahali. Daktari humuuliza mgonjwa kama amepata choo, na maabara hupima choo. Jina la chombo limehamia kwa kilichomo. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata. Katika kazi, utata hubaki. Mwenye nyumba anapomwambia kibarua, "Njoo unisafishie choo," anaweza kuwa na maana ya kazi nne zilizo tofauti kabisa: kuosha sinki na sakafu, kuzibua bomba lililoziba, kunyonya tangi lililojaa, au kuzoa kwa mikono tope lililoganda chini ya shimo. Kazi ya kwanza inahitaji brashi na sabuni. Ya mwisho imewaua watu wengi. Kitenzi kilichotumika ni kimoja.

Tangi hufanya kazi vipi

Ili kuelewa hatari hiyo, lazima kwanza ieleweke kazi ya tangi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu mwanzo usafi ulikuwa tatizo lake. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka na eneo la maduka ya Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya serikali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, na mapendekezo yake yakatumiwa kuhalalisha kutenga makazi kwa misingi ya rangi. Tangu hapo ramani ya vyoo vya Nairobi imekuwa pia ramani ya matabaka yake.

Mabomba makuu ya majitaka hufuata mteremko wa ardhi. Dagoretti iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ruai, mashariki, yaliko mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka ya jiji, iko takriban mita 1,500. Maji hujiendea yenyewe kutoka magharibi kwenda mashariki. Majengo ya katikati ya jiji yameunganishwa na mabomba hayo. Kwingineko upande wa magharibi, mabomba hayakufika kila mahali. Karen, mtaa wa matajiri wenye viwanja vipana, hutegemea sana matangi yaliyofukiwa. Kawangware na Kangemi, yenye vyumba vya kupanga vilivyosongamana, bado zina vyoo vingi vya mashimo. Tajiri na maskini, kila mmoja kwa namna yake, huishi juu ya kinyesi chake.

Tangi linalofukiwa, ambalo watu wa pwani huliita karo na watu wa Nairobi huliita septiki, si ghala tupu. Asili yake ni Ufaransa, ambako Jean-Louis Mouras alilibuni katika miaka ya 1860 na kupata hataza mwaka 1881; Donald Cameron wa mji wa Exeter, Uingereza, aliliboresha mwaka 1895. Ndani yake majitaka hujigawa katika tabaka tatu. Vitu vizito hutuama chini na kuwa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea juu na kuwa utando. Katikati hubaki maji ambayo hutoka taratibu kwenda katika shimo la kunywea na kufyonzwa na ardhi. Bakteria wasiohitaji oksijeni hulila tope hilo pole pole na kulipunguza, lakini hawalimalizi. Kila mwaka linapanda kidogo.

Udongo nao una kauli yake. Udongo mwekundu wa mitaa mingi ya magharibi hupitisha maji vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika sehemu za Karen na Lang'ata na kwa wingi zaidi mashariki mwa jiji, huvimba unaponyeshewa na kukataa kunywa. Ndiyo maana baadhi ya matangi ambayo hayasumbui wakati wa kiangazi hufurika wakati wa mvua za masika.

Matangi yanayosafiri

Tangi lililofukiwa lina ndugu yake mdogo anayesafiri. Wasafiri wanaoendesha magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, hupita Nairobi wakielekea kusini au kaskazini mwa bara la Afrika, na baadhi yao hupiga kambi katika mitaa kama Karen. Vivyo hivyo, vyoo vya kuhamishika vinavyokodishwa kwa harusi, mazishi na mikutano ya hadhara huwa na tangi chini ya kiti. Tofauti kubwa ni kwamba tangi hili halisafishi chochote. Linahifadhi tu, mpaka lipate mahali pa kumwagwa.

Magari-nyumba mengi huwa na matangi mawili ya uchafu. Moja hupokea maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo, na jingine hupokea maji ya choo. Watengenezaji huyatofautisha kwa rangi: maji ya kijivu na maji meusi. Hapa tena ni tafsida inayofanya kazi, safari hii ya kigeni. Kutafsiri rangi hizo moja kwa moja hakumsaidii msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa maji ya choo si meusi wala maji ya kuogea si lazima yawe ya kijivu. Maji ya kuoshea na maji ya choo ni majina yanayojieleza.

Kanuni za kuyasafisha ni chache na zina sababu zake. Kwanza, vali ya tangi la choo hufungwa mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili. Vali ikiachwa wazi, maji hutoka yenyewe na kuacha kinyesi kikijilundika na kukauka chini ya kiti kama kichuguu, na kukiondoa baadaye ni kazi ngumu. Pili, tangi la choo hufunguliwa kwanza na la maji ya kuoshea baadaye, ili maji ya sabuni yausuuze mpira wa kumwagia. Tatu, baada ya kumwaga, maji safi kiasi hurudishwa ndani ili kinyesi kitakachofuata kisigande sakafuni. Nne, mpira huo kamwe hautumiki kujazia maji ya kunywa, na anayeushika huvaa glavu.

Kanuni ya tano inahusu dawa. Baadhi ya dawa za kuondoa harufu katika matangi haya huwa na fomaldihaidi, ambayo huua bakteria. Dawa hiyo ikimwagwa kwa wingi katika tangi lililofukiwa la mwenye kambi, huwaua wale bakteria wanaolifanyia kazi tangi hilo. Mgeni huondoka na gari lisilonuka, na mwenyeji akabaki na karo lililokufa. Jambo hilo hilo hutokea nyumbani pale ambapo dawa kali za kuua viini humiminwa chooni kila siku kwa nia njema ya usafi.

Lori la kunyonya

Tangi la nyumba linapaswa kunyonywa kabla ya tope kufika theluthi moja ya kina chake. Kwa familia ya kawaida hilo huweza kuchukua miaka miwili hadi mitano. Kipimo chake ni rahisi: ufito mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe huteremshwa mpaka sakafuni, ukaachwa kwa dakika chache, kisha ukavutwa polepole, alama nyeusi kwenye kitambaa huonyesha urefu wa tope. Wengi hawapimi. Husubiri mpaka maji yarudi bafuni, na wakati huo tope huwa limekwisha kuvuka kwenda kuziba shimo la kunywea, ambalo haliwezi kunyonywa likapona.

Gari linaloitwa hufahamika Nairobi kwa jina la egzosta, na Tanzania huitwa gari la kunyonya majitaka. Pampu yake huondoa hewa ndani ya pipa kubwa la chuma, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma majitaka kuingia. Kwa maneno mengine, lori halivuti. Ni anga inayosukuma. Kutokana na mwinuko wa Nairobi, kanieneo ya hewa yake ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Penye usawa wa bahari, pampu iliyo kamilifu ingeweza kuyapandisha maji matupu kimo cha mita 10 hivi. Nairobi kimo hicho hushuka hadi mita 8 na nusu, na kwa tope zito hupungua sana. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi vizuri pwani huweza kushindwa na shimo lenye kina kile kile Kangemi.

Utaratibu wa kazi yenyewe uko hivi. Vifuniko vyote viwili hufunguliwa na tangi kuachwa lipate hewa. Hakuna anayevuta sigara wala kuwasha moto karibu. Mpira huteremshwa mpaka chini penye tope, si kuachwa ukinywa maji ya juu pekee, kwa sababu mteja hulipia lori zima na tope ndilo lililomfanya aite lori. Tope lililoganda hulainishwa kwa maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka nje. Mabomba ya kuingilia na kutokea hukaguliwa, kisha vifuniko hurudishwa na kufungwa imara ili mtoto asitumbukie.

Baada ya hapo linabaki swali ambalo wateja wengi hawaliulizi: lori linakwenda kumwaga wapi? Kanuni za udhibiti wa taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, zilimtaka msafirishaji wa taka awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Lori halali humwaga katika sehemu zilizotengwa za mfumo wa majitaka. Lori lisilo halali hutafuta mto. Waswahili husema: mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Methali hiyo humkanya mtu asijishughulishe na yasiyomhusu, lakini haimfai mwenye tangi. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita mitaa ya magharibi na pembezoni mwa katikati ya jiji, ukajiunga na mto Athi, na maji hayo hatimaye huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kinachomwagwa usiku huku juu kina watu wengi wa kukutana nao njiani.

Mahali ambapo lori halifiki

Vichochoro vya Kawangware, Kangemi na Kibera havikupimwa kwa ajili ya malori. Penye mpira usiofika, kazi hufanywa kwa ndoo, sepetu na mikono, mara nyingi usiku. Wataalamu wamejaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1995 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Gigiri, kwa ushirikiano na mhandisi Manus Coffey wa Ireland, lilianza kuunda gari dogo la kunyonya lililopewa jina Vacutug. Lilikuwa na tangi la lita 500, na lilijaribiwa Kibera. Jijini Dar es Salaam pampu ya mkono iitwayo Gulper ilijaribiwa katika miaka ya 2000, ili mfanyakazi asimame juu ya shimo badala ya kuingia ndani.

Kuhusu huyo anayeingia ndani, lugha haikuwa na huruma. Dar es Salaam alipewa jina la chura. Pwani, msafisha vyoo aliitwa topasi, neno lililokuja na mabaharia na wafanyakazi kutoka Bara Hindi. Dar es Salaam pia kuna kitenzi kutapisha, kinachotumiwa kwa kitendo cha kulifungulia shimo la choo wakati wa mvua ili uchafu uchukuliwe na mafuriko. Kitenzi hiki ni sitiari iliyo sahihi kwa kiwango cha kutisha: choo kimeugua, kimelazimishwa kutapika, na matapishi yameingia uani kwa jirani.

Inafaa kuzingatiwa kwamba lugha hapa imefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kitu chenyewe, yaani kinyesi, kimefunikwa kwa maneno laini. Mtu anayekiondoa amevuliwa nguo kwa maneno makali. Staha yote imepewa uchafu, na fedheha yote imepewa msafishaji. Mtu aliyeitwa chura hatarajiwi kudai vifaa vya kazi.

Mavi ya kale

Methali mashuhuri inasema kwamba mavi ya kale hayanuki. Maana yake inafahamika: jambo la zamani, hata kama lilikuwa baya, halina tena nguvu ya kuudhi, na halifai kufukuliwa. Kama ushauri wa kuishi na watu, methali hiyo ina hekima. Kama maelezo ya tangi la majitaka, ni uongo unaoua, na ni muhimu kueleza sababu zake.

Tope linapooza bila oksijeni hutoa gesi kadhaa. Methani ni nyepesi kuliko hewa na hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Gesi ya kabonidayoksaidi ni nzito na hukaa chini, ikiifukuza oksijeni. Haidrojeni salfaidi, iliyo nzito kidogo kuliko hewa, ndiyo yenye harufu ya yai viza. Pua ya binadamu huitambua gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa. Lakini inapofika sehemu 100 katika milioni, mshipa wa kunusa hulemaa katika muda wa dakika chache. Harufu hupotea. Gesi ipo, tena nyingi, ila pua haina habari. Inapopanda kufikia sehemu 700 au 1,000, mtu huanguka ghafla baada ya pumzi moja au mbili, na huweza kufa papo hapo.

Hapa ndipo methali inapogeuka mtego. Fundi anayeinama juu ya shimo hupata harufu kali mwanzoni, kisha harufu inapungua. Akili yake, iliyolelewa na methali na uzoefu, humwambia kwamba uvundo umetoka na tangi ni salama. Kumbe kutonuka kwenyewe ndiyo dalili ya mwisho anayopewa. Zaidi ya hayo, tope lililotulia hufungia gesi ndani yake kama povu katika unga uliochachuka. Linapokorogwa kwa sepetu, gesi hutoka kwa wingi mara moja. Tangi lililokuwa salama saa tatu asubuhi huenda lisiwe salama saa tatu na dakika tano.

Desturi ya kushusha mshumaa au karatasi inayowaka ili kupima hewa nayo haifai. Moto unaweza kuzimika kwa ukosefu wa oksijeni, ndiyo, lakini hauonyeshi kuwepo kwa haidrojeni salfaidi, na penye methani moto huo ndio unaoleta mlipuko. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii gesi yoyote kati ya hizi. Hata barakoa ya vumbi haizuii.

Jambo la kusikitisha zaidi ni mfuatano wa vifo. Taarifa za matukio haya nchini Kenya na kwingineko hufanana: mmoja ameingia na kuanguka, wa pili amemfuata kumwokoa, wa tatu amewafuata wawili. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu zilizofungika walikuwa waokoaji. Anayekufa wa pili ni ndugu, rafiki au jirani, na kilichomuua ni wema wake na kutojua kwake.

Njia ya kuepuka hayo inajulikana. Kanuni ya kwanza ni kutoingia kabisa; lori, pampu na maji ya kurushwa vifanye kazi kutoka juu. Pale ambapo kuingia hakuepukiki, hewa hupimwa kwa kifaa na kuendelea kupimwa, feni hupuliza hewa safi, anayeingia hufungwa mkanda na kamba inayoshikwa na watu walio juu, na hubeba mtungi wake wa hewa ya kupumua. Mwangalizi hubaki nje muda wote na haingii hata iweje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake dhidi ya gesi hatari na ukosefu wa oksijeni katika sehemu kama hizi. Kibarua wa siku moja ni mfanyakazi kama wengine.

Lugha ya onyo

Swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni hili: maarifa hayo yote yako wapi katika lugha yao? Maandishi yaliyo ubavuni mwa malori na juu ya vifuniko vya matangi ya Nairobi mara nyingi ni ya Kiingereza. Pale Kiswahili kinapotumika, aghalabu huwa ni neno moja, "Tahadhari", au maneno mawili, "Hatari: Majitaka". Onyo la aina hiyo halisemi hatari ni ya nini. Msomaji hufikiri anaonywa dhidi ya kuchafuka au kuzama, na kwa hiyo huvua viatu na kuingia kwa uangalifu.

Onyo linalofaa hutaja kitu, hutaja kinachofanywa na kitu hicho, na hutoa amri. Kwa mfano:

HATARI. NDANI YA TANGI HILI MNA HEWA YA SUMU. INAUA HATA IKIWA HAINUKI. USIINGIE. MWENZAKO AKIANGUKA NDANI, USIMFUATE. ITA MSAADA.

Sentensi hizo ni fupi, hazina istilahi ngumu, na zinavunja kwa makusudi imani inayojengwa na methali. Amri ya "usimfuate" huenda ikaonekana kinyume cha utu, na ndiyo maana lazima iandikwe. Bila maandishi, moyo utashinda.

Vilevile inafaa kukitenga kitenzi kusafisha katika mikataba na maelekezo ya kazi, na mahali pake vitumike vitenzi vinavyotaja kitendo chenyewe: kuosha choo, kuzibua bomba, kunyonya tangi, kuzoa tope, kuingia tangini. Kila kimoja kina vifaa vyake, bei yake na hatari yake. Anayeambiwa "kuzoa tope" anajua anachokubali, na anaweza kukikataa.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira, na ibara ya 28 inalinda hadhi yake. Ibara hizo tatu zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi mfanyakazi wa Kawangware anavyoweza kufurahia haki yake ikiwa onyo la kumwokoa limeandikwa katika lugha asiyoitumia kazini, au kwa Kiswahili kilichoona haya kumwambia ukweli.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba staha itupwe. Tafsida itabaki na nafasi yake mezani, hospitalini na mbele ya wakwe. Kinachopendekezwa ni kutambua kwamba sajili ya kazi ina adabu yake, na adabu hiyo ni uwazi. Katika tangi la msafiri, katika karo la Karen na katika shimo la Kangemi, kinyesi hutii kanuni zile zile za kemia, bila kujali kinavyoitwa.

Kwa upande wa utafiti, kazi ni nyingi. Madereva wa egzosta, wanaokodisha vyoo vya kuhamishika na wazoa tope wa vichochoroni wana msamiati wao, ambao sehemu kubwa haijaingia katika kamusi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya istilahi anaweza kuipata umbali wa nauli moja ya matatu kutoka chuoni. Atakachokusanya kitakuwa na faida kwa isimu, na kikirudishwa kazini kwa lugha iliyo wazi, kitakuwa na faida kwa yule anayeinama juu ya shimo, harufu ikaanza kupungua, naye akahitaji kujua ya kwamba huo ndio wakati wa kuondoka.